Daftari la baba limetugawa kabla ya arobaini

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 46, mzaliwa wa Mbinga mkoani Ruvuma. Baba yetu amefariki wiki tatu zilizopita akiwa na miaka 81. Tumemzika nyumbani, juu ya shamba la kahawa, pembeni ya mama. Misa ya arobaini inakuja, na ukoo umenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Siku ya mazishi ulisomwa ule wa haraka haraka: alizaliwa, alisoma, alioa, aliajiriwa, alistaafu. Sasa wanataka ulio kamili. Nimekaa na karatasi siku nne sijaandika hata mstari mmoja, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Baba aliajiriwa benki mwaka 1968. Alianzia kaunta Songea, akahamishiwa Mbinga, na huko akabaki mpaka alipostaafu mwaka 1999. Kazi yake kubwa ilikuwa vijijini. Msimu wa malipo ya kahawa walikuwa wanatoka alfajiri na Land Rover, sanduku la chuma la fedha, askari mmoja mwenye bunduki na meza ya kukunja. Meza inawekwa kwenye baraza la ghala la kijiji, majina yanaitwa, watu wanapokea. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Watu wa rika lake waliokuja msibani, mmoja baada ya mwingine, wamenisimulia jambo lile lile: baba alikuwa na kitambaa mfukoni, na mtu akishaweka dole alimshika mkono yeye mwenyewe akamfuta wino. Watu waliozaliwa kabla ya baba yake, aliwafuta wino.

Mama alifariki mwaka 1983. Mimi ni kitinda mimba kati yetu wanne, nilikuwa na miaka 4. Shangazi alitaka kutugawa kwa ndugu, baba akakataa. Alipewa uhamisho wa kwenda Dar es Salaam, tena wenye cheo, akaukataa pia. Alijifunza kusuka nywele. Alijua mtindo mmoja tu, twende kilioni, na hadi namaliza darasa la pili nilikwenda shule na twende kilioni kila Jumatatu. Kwetu Umatengoni shamba la ngolo, kilimo chetu cha mashimo kwenye miteremko, lina zamu zake: mwanamume anafyeka na kulaza majani kwa mistari, mwanamke anafukia udongo na kuacha yale mashimo. Baba alifyeka Jumamosi asubuhi, mchana akashika jembe akafukia mwenyewe. Watu walimcheka barabarani. Sisi tulikuwa tunampelekea maji.

Sasa tatizo. Wiki iliyopita tulifungua sanduku lake la mbao. Chini kabisa, chini ya vyeti vyetu vya ubatizo, kulikuwa na kaunta buku la kwaya mbili. Linaanza mwaka 1977, linaishia 1995. Kila mstari una tarehe, kijiji, jina la mtu, kiasi, na neno moja: “Nimefidia.” Ni watu 61. Kiasi kidogo kabisa ni shilingi 45, kikubwa ni shilingi 2,300. Watu 23 wamepigwa mstari mwekundu na kuandikwa “amerudisha”. Wengine 38 hawana mstari. Alikuwa anawalipia madeni yao ya benki kwa mshahara wake, na sisi hatukujua. Sidhani hata mama alijua.

Kaka yetu mkubwa alilisoma lote usiku kucha. Alipofika mwaka 1988 akanyamaza, akatoka nje. Mwaka ule kaka alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Alipata nafasi shule ya kulipia. Baba akamwambia: “Mwaka huu sina, mwanangu.” Kaka akaenda Songea kubeba mizigo stendi, akiwa na miaka 14. Kati ya Oktoba na Desemba mwaka ule daftari lina mistari mitatu, jumla shilingi 3,850. Fedha hizo zingelipa sehemu kubwa ya ada yake.

Leo kaka ana maisha yake. Ana duka la pembejeo, watoto wake wamesoma. Lakini amesema siku ya arobaini atasimama na daftari, asome majina yote 38, na kila mmoja au warithi wake walipe. Amegeuza kila deni kwa bei ya gunia la mahindi ya mwaka wake, akaleta kwenye bei ya leo. Anasema inazidi milioni 6. Nilipomzuia alisema, “Hawa walikula ada yangu.” Dada yetu anamuunga mkono. Baba mdogo amesema tuamue wenyewe watoto.

Mambo mawili mengine yananisumbua. Siku ya msiba alikuja bibi mmoja mzee sana, akalala siku tatu, akaosha masufuria na akina mama, hakusema yeye ni nani. Alipoondoka alinishika mkono akasema, “Baba yako alinifuta dole.” Nina hakika jina lake limo. Halafu kuna mzee wa kijiji cha jirani aliyesema kwa sauti, pale pale uwanjani, kwamba marehemu aliwahi kumchukulia mashine yake ya kumenya kahawa kwa sababu ya deni. Watu walimtuliza. Ni kweli, baba alifanya kazi hiyo pia.

Nimwandike vipi mtu huyu? Na daftari tulifanye nini? Nampenda kaka yangu, Mama. Sitaki tumalize matanga tukiwa hatusemezani.

Kitinda Mimba, Mbinga

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana wote wanne, na mpe pole yangu baba mdogo, ambaye amebaki bila kaka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko kawaida yangu. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka tisa, huko huko Nyanda za Juu Kusini. Meza ya kukunja naijua. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo na orodha ya makato, nikimsomea mtu wa benki jina, kilo, bei, makato, baki. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekuwapo, japo baba yako sikumfahamu.

Daftari lisisomwe. Hilo naliweka mbele ili usilitafute.

Desturi yetu inajulikana. Baada ya mazishi, au siku ya kuanua tanga, msemaji wa familia anasimama na kusema: kama yupo anayemdai marehemu, au ambaye marehemu anamdai, awaone wanafamilia. Basi, anaketi. Hakuna jina linalotajwa. Anayejijua anakuja jioni, wengine mwezi unaofuata, wengine hawaji kabisa. Desturi imeachwa wazi hivyo makusudi, ili mtu aje na heshima yake mkononi. Kusimama na orodha ya watu 38 mbele ya padre na wakwe si desturi hiyo. Ni mnada.

Tena fikiria hao watu walikuwa nani kwa baba yako. Walikuwa wateja wa benki. Siri ya mteja ni kitu cha kwanza mfanyakazi wa benki anachofundishwa, na hata leo Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inamlazimisha kuitunza. Mji wa Mbinga ni mdogo. Mzee wako alipita na watu hawa kanisani, sokoni, kwenye vilabu, akijua nani alishindwa kulipa shilingi 45. Alijua miaka yote hiyo hakusema, hata kwa mke wake. Kaka yako akisoma majina yale kwa kipaza sauti, atakuwa anaibomoa kazi ya baba yake siku ile ile mnayomkumbuka.

Sheria ya madai nitaigusa kidogo tu, kwa sababu naona haitakuwa mwamuzi wenu. Mwenye mamlaka ya kudai madeni ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza hakumpi mtu mamlaka hayo. Sheria ya Ukomo wa Madai inatoa miaka 6 kufungua dai linalotokana na mkataba, na mstari wa mwisho wa daftari ni wa mwaka 1995. Zaidi ya hapo, mkataba wenyewe uko wapi? Wengi wa hao 38 huenda hawajui mpaka leo kwamba kuna mtu aliwalipia. Walirudi msimu uliofuata wakakuta deni limefutika, wakamshukuru Mungu. Huwezi kumdai mtu mkopo ambao hakuuomba kwako. Wale 23 wenye mstari mwekundu, nadhani ndio waliopata kujua.

Sasa tukae kwa kaka yako, maana yeye ndiye barua hii.

Usimwone mchoyo. Mtu mwenye duka la pembejeo linalotembea hahangaiki usiku kucha na shilingi 3,850 za mwaka 1988. Amegeuza magunia, amepiga hesabu za bei ya kila mwaka, kwa sababu hesabu ndiyo lugha aliyoipata mkononi siku ile. Anachouliza ni kimoja: kwa nini mtu baki alipewa na mimi niliambiwa hakuna? Swali hilo ni halali, mwanangu. Mtoto wa miaka 14 aliyebeba mizigo stendi ana haki ya kuliuliza hata kama sasa ana mvi. Ninyi msimjibu kwa kumwambia baba alikuwa mwema. Anajua. Ndiyo maana inamuuma.

Nitakueleza ninachokijua kuhusu fedha zile, halafu wewe na yeye mtapima.

Baba yako alianza kazi mwaka mmoja baada ya benki binafsi kutaifishwa, Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha. Kuanzia hapo benki ikatakiwa imfuate mkulima. Mwaka 1971 ikaundwa Benki ya Maendeleo Vijijini, ambayo mwaka 1984 iligeuzwa kuwa ya Ushirika na Maendeleo Vijijini. Halafu ikaja Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, na hapa ndipo penye jibu la kaka yako. Kijiji kilichoandikishwa kilipewa uwezo wa kukopa kama mtu mmoja. Mbolea, mbegu na dawa vilikopwa kwa jina la kijiji, vikagawiwa kwa kaya, na mazao yalipouzwa deni likakatwa.

Unaona hatari iliyomo. Kaya 200 zinalipa, kaya mbili hazikufikisha, mmoja kwa kuuguza, mwingine kwa kahawa kupigwa ugonjwa, na deni la kijiji linabaki wazi. Kijiji chenye deni wazi hakikopeshwi msimu unaofuata. Nimeona mwenyewe: ghala tupu mwezi wa Desemba, mvua imeshika, mahindi yanatoka njano, na watu wanazunguka wakimtafuta yule mmoja ambaye hakumaliza. Nimeona mtu akihama kijiji kwa sababu hiyo. Na pengo lenyewe mara nyingi lilikuwa dogo la kuchekesha. Shilingi 45. Shilingi 300.

Angalia tena ile mistari mitatu ya mwaka 1988. Angalia vijiji vyake. Angalia tarehe: Oktoba hadi Desemba ni majira ya kufunga hesabu za msimu na kuomba mkopo mpya. Siwezi kuapa kwa niaba ya marehemu, lakini nikiyaweka hayo pamoja na kiasi kilivyo kidogo, ninaamini baba yenu hakuwa anamlipia mtu mmoja. Alikuwa anaziba tundu la mwisho ili kijiji kizima kipate mbolea. Kaka yako anauza pembejeo. Muulize yeye, kwa upole, mbolea isipofika Mbinga kabla ya Krismasi kunatokea nini. Atakueleza vizuri kuliko mimi.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya barua yako ambao hukuusemea. Daftari linaishia 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilikuwa ikiondolewa, na msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia kwenye kahawa. Mkulima akaweza kumuuzia yeyote mwenye fedha taslimu, na deni halikuwa na mahali pa kukatwa tena. Mikopo ile ya kijiji ikafa. Baba yako aliacha kufidia pale ambapo hapakuwa tena na kijiji cha kuokoa. Kama angekuwa anagawa fedha kwa huruma tu, au kwa kupenda kusifiwa, asingeishia hapo. Shida za watu ziliongezeka baada ya mwaka huo.

Lakini sitakuficha upande wa pili, na nakuomba usimfiche kaka yako pia. Afisa wa benki hapaswi kuchanganya fedha zake na deni la mteja. Mkubwa wake angejua, pengine angefukuzwa kazi, na ninyi wanne mngekula nini? Aliweka kazi yake rehani bila kuwauliza. Na mwaka ule wa 1988 alichagua, akijua anachagua. Alimtazama mtoto wake wa kwanza akasema “sina”, wakati jambo la kweli lilikuwa “ninazo, nimeziweka kwingine”. Nadhani huko alikosea. Kijana wa miaka 14, mtoto wa mtu wa vijijini, angeweza kuelezwa habari ya mbolea akaelewa, pengine kwa kulia, lakini angeelewa. Badala yake amekuja kuisoma usiku kwenye kaunta buku, mwenyewe, na wa kumuuliza yuko kaburini. Mwambie kaka yako kwamba mimi, mtu nisiyemjua, naona baba yake alimkosea. Huenda hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Ndugu waliobaki mna kawaida ya kukimbilia kumtetea aliyekufa, na aliye hai anabaki na kidonda chake akionekana mkorofi.

Kwa hiyo kabla ya arobaini, usiitishe kikao cha ukoo juu ya jambo hili. Kikao kitamlazimisha ashike msimamo mbele ya wakubwa. Mfuate dukani jioni akishafunga, wewe peke yako. Mpe daftari alishike yeye. Mwambie ukurasa wa 1988 ni wake, na kwamba utaandika wasifu baada ya kumsikiliza. Halafu nyamaza, umwache aseme yote, hata yakichukua mpaka usiku. Usimkumbushe twende kilioni wala ngolo. Baba wa Jumamosi zile wewe ulimpata ukiwa mdogo, yeye alikuwa anabeba magunia.

Na wasifu wenyewe?

Umeshauandika, mwanangu. Uko kwenye barua yako. Chukua pale uliposema “mchana akashika jembe akafukia mwenyewe, watu walimcheka barabarani, sisi tulikuwa tunampelekea maji”, kiweke kama kilivyo. Kila Mmatengo atakayekuwapo ataona papo hapo mwanamume mjane kwenye shamba la ngolo, na atajua amebeba nini. Weka kitambaa cha mfukoni. Weka uhamisho wa Dar es Salaam aliokataa, kwa mstari mmoja tu bila sifa, halafu ufuatishe nywele. Usiandike “alikuwa baba mwenye upendo”. Watu wamesikia maneno hayo kwenye kila msiba mpaka masikio yamekufa ganzi.

Miaka na vyeo weka vichache. 1968 iwemo. 1999 iwemo, kwa sababu miaka miwili kabla yake Benki ya Taifa ya Biashara ilikuwa imegawanywa, na watu wa benki wa zama zake waliokuwapo mpaka pale waliona kazi yao yote ikibadilika: matawi, majina, hata namna ya kumtazama mkulima. Kama kuna mwenzake aliyebaki hai, mpigie simu umuulize siku ya mwisho ya baba yako kazini ilikuwaje. Na muulize alikuwa anatembea na nini kwenye mfuko wa shati. Wafanyakazi wenzake wanakumbuka vitu ambavyo watoto hawakuwahi kuviona.

Kuhusu daftari, weka aya moja. Nimejaribu kukuandikia, ubadilishe utakavyo:

“Tumekuta katika vitu vyake kumbukumbu inayoonyesha kwamba kwa miaka 18 alikuwa akitoa sehemu ya mshahara wake kuziba madeni madogo ya wakulima, ili vijiji vyao visikose pembejeo. Hakutuambia. Fedha hizo zilitoka nyumbani kwetu, na yupo kati yetu aliyelipa zaidi ya wengine bila kujua. Leo tunamshukuru yeye pia.”

Aya hiyo mwonyeshe kaka yako kwanza. Akisema sentensi ya mwisho iondoke, iondoke. Akitaka aitwe kwa jina, mwite kwa jina. Na kama atasema yeye ndiye atakayeisoma, mpe.

Yule mzee wa mashine ya kumenya kahawa usimkwepe. Mashine ile ya mkono kwa mkulima mdogo ni nusu ya msimu wake. Asipokuwa nayo atamenya kwa jirani kwa kusubiri zamu, na kahawa iliyochelewa kumenywa inachacha na bei yake inashuka. Sijui deni lake lilikuwa la namna gani, wala kwa nini yeye hakufidiwa na wengine wakafidiwa. Huenda lilikuwa kubwa kupita mshahara wa baba yako. Huenda walikuwa hawapatani. Katika wasifu andika kwamba kazi ile ilimtaka pia achukue mali za watu, na kwamba wapo waliobaki na uchungu. Mstari mmoja, bila kujitetea. Halafu kabla ya arobaini nenda ukamsalimie kwake, umwambie ulimsikia siku ile. Usimpe fedha. Msikilize tu, kunywa alichokupa, ondoka.

Daftari lenyewe, baada ya haya yote, likae na kaka yako. Najua utashtuka. Yeye ndiye aliyelilipia zaidi, na akilishika kwa hiari yako hatakuwa na haja ya kulisoma kwa watu. Mkubaliane tu kwamba halipigwi picha, halitumwi kwenye kundi la familia la WhatsApp, wala halikopeshwi kwa mtu. Likitoka kwenye simu moja litakuwa Mbinga nzima kabla ya jua kuzama.

Na bibi aliyeosha masufuria. Mtafute, akina mama wa jumuiya watakuwa wanajua alitoka kijiji gani. Msiende na daftari na msimuulize habari ya deni. Bebeni kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, na chumvi. Nenda na kaka yako. Mtambulishe kwamba huyu ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu, halafu mwache bibi amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mwaka gani ilikuwa na walipanda nini.